Kilichomo Mvunguni

Katika vyombo vyote vya nyumba, hakuna kimtumikiacho mwanadamu kwa muda mrefu kuliko kitanda, wala hakuna kinachosifiwa kwa uchache kuliko hicho. Karibu thuluthi ya umri wetu hupita katika usingizi. Mtu akiugua sana husemwa kuwa amelazwa, na ukubwa wa hospitali hutajwa kwa hesabu ya vitanda vyake. Hata siku ya mwisho, maiti huoshwa juu ya ulili kabla ya kupelekwa makaburini. Hata hivyo, kitanda huwekwa chumbani, mahali ambapo mgeni haingii, na kwa sababu hiyo twakiona kuwa ni shahidi mwema wa swali tutakalo kulichungua katika insha hii: je, mtu yampasa kuwa mwaminifu kwa kadiri gani katika mambo ambayo macho ya watu hayatayaona?

Na tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ni ghala la mawazo ya taifa. Neno kitanda ni ndugu wa kutanda na kutandika, yaani kueneza kitu na kukinyosha. Meza tuliipokea kutoka kwa Wareno, sanduku kutoka kwa Waarabu, na kabati kutoka kwa Waingereza. Maneno hayo sasa ni yetu, na hatuyaoni haya. Lakini kitanda chatukumbusha kazi ya mikono ya wahenga wetu: miti minne ya kuzungushia, matendegu manne ya kusimamia, na kamba za usumba au za ukindu zilizotandwa huku na huku mpaka zikawa kitu cha kubebea mwili wa mtu. Kamba hulegea kwa kulaliwa. Ndipo watu wa mzaha wakakiita kitanda hicho teremka tukaze. Jina hilo hutajwa kwa dharau, na kwa hakika ni jina la kitanda cha mnyonge. Lakini ndani yake mna sifa moja ambayo vitanda vingi vya fahari havina. Kitanda hicho hakifichi ila yake. Kikilegea, kila mtu hukiona kimelegea, na mwenyewe huteremka akakikaza.

Kitanda cha mbao ni habari nyingine, kwani ubora wake na ubovu wake hufichika. Sehemu zake ni chache: matendegu manne; vitakizo viwili, kimoja upande wa mchagoni na kimoja upande wa miguuni; mifumbati miwili ya ubavuni inayochukua uzito; na chaga zinazolazwa kutoka mfumbati mmoja hadi wa pili ili kuchukua godoro. Kipimo hupatana na mlalaji na chumba: futi 3 na nusu kwa 6 kwa mtu mmoja, futi 4 kwa 6, 5 kwa 6, hata 6 kwa 6 kwa wenye nafasi. Msomaji aweza kudhani kwamba chombo cha sehemu chache namna hii hakina siri. Siri zake ni tatu, nazo zote ziko mahali pasipoonekana.

Siri ya kwanza ni ukavu wa mbao. Nchi yetu imejaliwa miti ya samani ya kutosha kujivunia: mninga wa misitu ya miombo, wenye rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu, mvule, usioogopa mchwa kwa urahisi, mkongo, mzito na wa kudumu, na msaji uliopandwa katika mashamba ya miti kama Mtibwa na Longuza. Lakini mti hata uwe bora namna gani, ukifanyiwa kazi ungali mbichi utajikunja na kupasuka. Mbao hunywea kwa upana wake kila inapopoteza maji, na hutanuka tena unyevu unaporudi. Kwa hiyo maseremala wa zamani walizipanga mbao kivulini, wakaweka vijiti kati yake ili hewa ipite, na kanuni yao ilikuwa ni kungoja kama mwaka 1 kwa kila inchi 1 ya unene. Mbao mbichi iliyopakwa vanishi hung'aa sawasawa na mbao kavu. Siku ya kuuza hakuna tofauti; tofauti huja baada ya masika na kiangazi kupita.

Siri ya pili ni kiungo. Fundi mwaminifu huchonga ncha ya mbao ikawa ulimi, kisha kwa juba na nyundo huchimba tundu katika tendegu, akalipima, akalipunguza kidogo kidogo kwa patasi mpaka ulimi uingie kwa kusukumwa, bila kulegea wala kupasua. Kazi hiyo yahitaji saa nyingi, na ikisha kukamilika haionekani kabisa: ulimi umo tumboni mwa tendegu. Fundi mwenye haraka hugusanisha mbao mbili akapigilia misumari, kisha akaziba vichwa vya misumari kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Kwa jicho la mnunuzi vitanda viwili hivi ni mapacha. Lakini msumari hushika kwa kubanwa na nyuzi za mti, na kila mlalaji anapojigeuza nyuzi hizo huachia kidogo, mpaka usiku mmoja kitanda huanza kulia.

Siri ya tatu ni upande wa chini. Chaga hukalia ubao mwembamba uliofungwa upande wa ndani wa mfumbati. Aghalabu ubao huo hufanywa kwa vipande vilivyobaki, kwa sababu godoro litaufunika. Ndivyo ilivyo pia mgongo wa kabati unaoelekea ukutani, na kitako cha saraka, ile ambayo wazee wetu huiita mtoto wa meza. Upole wa fundi kwa mteja wake hupimwa hapo.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutumiwa kwa shida za watu wengine, lakini katika useremala ina maana iliyo wazi. Kunguni hapendi mbao iliyoshikana. Hupenda ufa, na kiungo kilicholegea ni nyumba aliyojengewa bure. Basi kosa lililotendwa karakanani hukaa kimya, kisha likamfuata mtu usiku. Na mtu huyo mara nyingi si yule aliyechagua kitanda wala yule aliyekilipia. Ni mtoto, ni mgonjwa, ni mzee asiyeweza kugeuka peke yake. Hapa ndipo twaona kwamba uaminifu wa mahali pasipoonekana si pambo la tabia tu. Udhaifu ulioonekana mtu aweza kuukwepa. Udhaifu uliofichwa humpata asiye na hatia, tena akiwa amelala.

Hata hivyo hatutakuwa wenye haki tukimtupia fundi lawama yote. Mnunuzi anayeng'ang'ania bei mpaka saa za kuchimba tundu hazilipiki, kisha akataka kitanda kwa keshokutwa, amenunua misumari kwa hiari yake. Fundi naye ana watoto wa kulisha. Ikiwa twataka kazi ya siri ifanywe vizuri, yatupasa tukubali kuilipia ingawa hatutaiona. Uaminifu wa sirini ni mkataba wa watu wawili: mmoja afanye bila kutazamwa, na mwingine alipe bila kuonyeshwa.

Tukitoka karakanani tukaingia nyumbani, twakuta jambo lile lile katika sura nyingine. Zipo nyumba ambamo sebule imejaa makochi yenye vitambaa vya kufuma na kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa, hali watoto watano wa nyumba hiyo hulala chumbani juu ya godoro moja lililotandikwa sakafuni, na nguo zao zimo katika mifuko iliyotundikwa misumarini. Wahenga walikwisha kutuonya: nyumba njema si mlango. Wala tusidhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. William Shakespeare, ambaye Mwalimu Julius Nyerere alizifasiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili, aliandika katika wasia wake wa mwaka 1616 kwamba mkewe arithi kitanda chake cha pili kwa ubora. Wengi wamelicheka neno hilo na wengine wamelihuzunikia. Lakini wako wataalamu wanaoeleza kwamba desturi ya Waingereza wa siku zile ilikuwa kukiweka kitanda bora kabisa kwa ajili ya wageni, na kile cha pili ndicho walichokilalia mume na mke. Ikiwa ndivyo, basi kilichoitwa cha pili ndicho kilichokuwa cha kwanza kwa ukweli wa maisha.

Mtunzi huyo huyo, katika tamthilia ambayo Mwalimu aliitolea tafsiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, amewaweka wachumba mbele ya visanduku vitatu: cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Waliofuata mng'ao waliondoka na aibu. Picha ya Portia ilikuwa ndani ya kile cha risasi. Wanafunzi wetu wamezoea kuisoma habari hiyo kama kisa cha mapenzi. Twawaomba waisome pia kama somo la mtu aingiaye dukani kununua kabati.

Hapa msomaji atatupinga, na haki anayo. Je, si uungwana wetu kumpa mgeni kilicho bora? Je, hatusemi mgeni njoo, mwenyeji apone? Twakubali. Kumheshimu mgeni ni sehemu ya utu wetu, na taifa litakaloiacha desturi hiyo litakuwa maskini hata likiwa na mali. Lakini tutofautishe kumpa mgeni na kumwonyesha mgeni. Ampaye mgeni humpisha kitandani, yeye akalala mkekani kwa usiku mmoja. Amwonyeshaye mgeni humkalisha mbele ya vikombe vya kiooni na kumnywesha kwa vingine. Wa kwanza amejinyima mwenyewe. Wa pili amewanyima watoto wake.

Yatubakia habari ya kuhifadhi. Watu wa pwani walilifikiri jambo hili kwa makini tangu zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, kuta za vyumba vya ndani zilijengwa pamoja na zidaka, safu kwa safu, za kuwekea vyombo. Na katika Unguja kasha la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba lilikaa chumbani likiwa na nguo, manukato na dhahabu ya arusi. Makasha mengi ya namna hiyo yalikuja kwa majahazi kutoka Bara Hindi, na mafundi wa pwani nao wakajifunza kuyatengeneza. Katika chumba cha leo chenye futi 10 kwa 10, mwenye busara huutumia mvungu: hutengeneza saraka mbili pana chini ya kitanda, akaacha mbele yake nafasi ya kutosha kuzivuta, akaziinua kutoka sakafuni ili unyevu na panya visizifikie, na akaacha tundu za hewa ili nguo zisiote ukungu. Kabati naye asiligandishe ukutani, hasa karibu na bahari.

Lakini kuhifadhi si kuficha, ingawa vyote viwili hutumia ufunguo mmoja. Kuhifadhi ni kuweka kitu ili kipatikane wakati wake utakapofika. Kuficha ni kuweka kitu ili kisipatikane. Dawa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akiba ya ada ya shule, nguo za msimu wa baridi: hivyo vyahifadhiwa. Hati ya shamba iliyofungiwa katika saraka ambayo mume peke yake anaujua ufunguo wake, imefichwa. Siku afapo mwenye ufunguo, mjane na yatima hubaki wakisikiliza madai ya watu, na karatasi ya kuwatetea imo mvunguni mwao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliitambua haki ya mke ya kupata na kumiliki mali kama mumewe; lakini sheria haiwezi kufungua saraka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo tusemavyo. Ila mvungu ulio na kufuli hata kuinama hakufai kitu. Basi nyumba yenye haki ni ile ambayo kila aliye mtu mzima ndani yake ajua nini kimewekwa wapi.

Mwaka 1967, katika kijitabu chake juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu iliyowafundisha vijana kuidharau kazi ya mikono. Zipo shule zenye karakana na meza za useremala. Kwa hiyo twatoa shauri kwa walimu: mwanafunzi akileta kiti au saraka aliyoitengeneza, msikisifu wala kukilaumu kabla hamjakipindua. Tazameni chini yake, tazameni mgongo wake, tieni kidole katika viungo vyake, kisha ndipo mtoe alama. Na kwa vijana wetu twasema: mtakuwa makarani, waganga, wahasibu na mafundi, na kazi kubwa ya kila mmoja wenu itafanyika mahali pasipo na mtazamaji. Takwimu itajumlishwa na mtu mmoja, daraja litafungwa kokoto na saruji na wachache, dawa itapimwa na mkono mmoja. Watakaolala juu ya kazi zenu hawatawajua majina, nao watakuwa wamefumba macho.