TETEMEKO LA ARDHI NA KAULI ZA BARAZANI



Ndugu Waislamu, kila zifikapo habari za tetemeko la ardhi katika nchi ya Kiislamu, huzuka barazani kauli mbili. Ya kwanza ni ile ya ng'ombe aichukuaye dunia juu ya pembe yake, naye akichoka huihamishia pembe ya pili. Hii haihitaji jawabu refu. Haimo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu wala katika Hadithi sahihi. Ya pili ni mbaya zaidi, kwani hata wenye vilemba huisema: kwamba waliokufa wameadhibiwa kwa maasi yao.

Tazameni yaliyoupata mji wa Agadir, nchi ya Moroko. Usiku wa 29 Februari 1960, ndani ya mwezi wa Ramadhani, ardhi ilitikisika kwa muda usiotimia dakika moja, wakafa watu wapatao 12,000 au zaidi. Watu walioshinda na saumu mchana, usiku wakafunikwa na kuta zao. Ni nani aliyepewa ruhusa ya kuwahukumu?

Uso wa dunia si kipande kimoja. Umegawanyika mabamba makubwa ya mwamba, na bamba la Afrika lasukumana na la Ulaya na Asia kwa mwendo wa milimita chache tu kwa mwaka. Mwamba hubanwa ukajipinda kama upinde, miaka na miaka. Ukishindwa kustahimili huteleza ghafula penye ufa, na nguvu iliyofungika humo hutoka kwa mawimbi. Wimbi la kwanza husukuma na kuvuta, nalo laweza kwenda kilomita 6 kwa sekunde. La pili huja nyuma yake likitikisa huku na huku, na hilo ni kali zaidi kwa majengo. Chombo cha kupimia ni uzito uliotundikwa: ardhi ikienda, uzito husita nyuma, na tofauti hiyo huandikwa. Kama tuonavyo umeme kisha tukasikia ngurumo, tukakisia umbali wa mvua, ndivyo muda ulio baina ya mawimbi mawili unavyoonyesha umbali wa chimbuko. Vituo vitatu vikilinganisha hesabu, mahali penyewe hujulikana.

Katika kupima, watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna ukubwa wa tetemeko lenyewe, ambao Charles Richter wa Marekani aliuwekea kipimo mwaka 1935. Kila daraja moja ikiongezeka, mtikisiko uandikwao na chombo huzidi mara 10, na nguvu itokayo huzidi mara 32 hivi. (Siku hizi wataalamu hutumia zaidi kipimo cha mwaka 1979, kitazamacho upana wa ufa na umbali ulioteleza mwamba.) Kisha kuna ukali wa mahali, ambao hupimwa kwa daraja 12 za Mercalli: taa kuyumba, ukuta kupasuka, nyumba kuanguka. Ni kama kandili. Mwanga wake ni mmoja, lakini aliye karibu na aliye mbali hawaupati sawa.

Sasa pimeni. Tetemeko la Agadir lilikuwa na ukubwa wa 5.8 hivi. La milima ya Atlas, Moroko hiyo hiyo, 8 Septemba 2023, lilikuwa 6.8, wakafa karibu watu 3,000. La Subukia, katika Bonde la Ufa letu, 6 Januari 1928, lilikuwa 6.9, na hakuna mji ulioangamia. Je, watu wa Agadir walikuwa na dhambi mara nne ya wale wa Atlas? Au ni kwamba chimbuko lilikuwa karibu na chini ya mji wenyewe, na nyumba nyingi zilikuwa za mawe yasiyofungamana?

Mtu atasema: Qurani imetaja kaumu zilizoangamizwa kwa mtetemeko. Kweli, na hayo tumeyajua kwa wahyi. Wewe uliyehukumu Agadir, wahyi wako umekujia lini? Alipokufa Ibrahim, mwana wa Mtume s.a.w., jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule; Mtume mwenyewe akawakataza kusema hivyo, akawaamrisha sala na dua. Na yeye ndiye aliyemhesabu afaye chini ya jengo lililoanguka kuwa miongoni mwa mashahidi. Imo katika Bukhari na Muslim. Basi huyo tunayemwita mwasi barazani, Mtume amemwita shahidi. Hofu na istighfari zatupasa, lakini kila mtu kwa nafsi yake, si kwa kuhesabu makosa ya maiti wa watu.

Watu wa Agadir walizika wafu wao, wakajenga mji mpya kusini ya magofu, kwa kanuni za ujenzi zilizoandikwa baada ya msiba huo, ili kuta, nguzo na dari zishikane ardhi itikisikapo.