Maharage Ndani ya Keki

Hapa Chapwa, malori yanayosubiri kuvuka Tunduma kwenda Zambia hupanga foleni kando ya barabara, na mpakani kila dereva huulizwa amebeba nini. Mimi pia niliwahi kupitisha mzigo bila kuutaja. Mzigo ulikuwa maharage, na niliyempitishia ni bibi yangu.

Bibi alikuwa amekonda. Muuguzi alituambia tumwongezee protini: mayai, samaki, karanga, maharage. Tatizo ni kwamba Bibi hali maharage. Alipofiwa na mumewe akiwa na watoto watano, aliyapika mchana na usiku kwa miaka mingi. Mtoto wa mwisho alipoanza kujitegemea, aliapa kwamba hayatarudi kwenye sahani yake. Sisi wajukuu tulikichukulia kiapo hicho kama kichekesho cha nyumbani.

Jumapili moja alipokwenda kanisani, nilisaga vikombe viwili vya maharage yaliyoiva, nikachanganya na mayai manne, nusu kikombe cha karanga za kusaga, kakao, sukari kidogo, mafuta na beking pauda. Sikutia ngano. Nikaoka kwenye sufuria, makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina takriban gramu 15 za protini, na yai moja lina kama gramu 6. Nilipokata vipande 12, kila kimoja kilikuwa na karibu gramu 6, sawa na yai zima.

"Umeweka nini humu, mjukuu wangu?"

"Kakao, Bibi. Na mayai, na karanga."

Kila neno lilikuwa kweli. Alikula vipande viwili, akaomba nioke tena. Kwa wiki tatu nilioka, naye akawa anawasifia majirani keki yangu.

Nilijitetea hivi: hakuna mpishi anayetaja kila alichotia chunguni. Hata kakao, ile inayolimwa kwa jirani zetu Kyela, ni chungu. Tunaifichia uchungu kwa sukari na hakuna anayelalamika. Lakini sukari kwenye keki kila mtu anaitarajia. Maharage Bibi hakuyatarajia, na mimi nilijua hivyo. Ndiyo maana nilisubiri aende kanisani, na maganda nikayafukia nyuma ya choo. Mtu anayeamini hajadanganya hafukii maganda.

Mwaka 1797 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Namwona mkali kupita kiasi. Muuaji anataka kudhuru. Bibi alitaka tu kujua anakula nini. Kwa hiyo anayekataa ukali wa Kant bado hajanipa mimi ruhusa. Kisingizio changu kilikuwa kimoja: kwamba najua lishe kuliko yeye. Hilo ni kweli, lakini swali lake halikuwa la lishe.

Nilichokuwa sijakielewa ni kile kiapo. Katika miaka ile ya maharage, Bibi hakuwa na uwezo wa kukataa chakula chochote. Kuja kusema "hapana" mbele ya sahani ulikuwa ushindi wake. Nami nilimnyang'anya hiyo "hapana" huku nikimwona anatabasamu.

Nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu, akaweka kipande chini.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa, Bibi."

"Basi ulikuwa unajua jibu."

Kwa siku kadhaa hakula chochote nilichopika bila kwanza kufunua sufuria na kuchungulia. Nilihofu kwamba ukweli wangu ungemkondesha kuliko uongo wangu, na sidhani hofu hiyo ilikuwa ya kijinga. Mwishowe aliniita jikoni, akavuta kigoda. Akaniagiza nitoe maharage, niongeze karanga zifike kikombe kizima, mayai yabaki manne. Alikaa pale akiangalia kila kitu kikiingia kwenye bakuli.

Kwa hesabu yangu, kila kipande sasa kina karibu gramu 5. Imepungua moja. Bado naitafutia pa kuifidia, ila safari hii namuuliza kwanza.