Nyumba na Nchi Yake

Sisi wa Mgololo sasa twajenga kwa matofali na bati. Je, nyumba yapatanaje na nchi? Mwaka 1935 Frank Lloyd Wright wa Marekani aliichorea jamaa moja nyumba juu ya maporomoko ya maji. Ikasifiwa mno; lakini sakafu zake zikainama, hata mwaka 2002 zikakazwa kwa nyaya za chuma. Kumbe, kupendeza si kupatana! Wahehe wa kale walijenga tembe za miti na udongo, zenye paa bapa. Zilipoachwa zikarudi kuwa udongo. Hatusemi turudi tembeni. Lakini mteremko ukichimbwa ovyo, mvua hupeleka udongo wetu kwa jirani wa bondeni. Basi apendaye nchi asiitazame dirishani tu. Kwanza na aulize, maji ya uwanja wangu yatamfikia nani?