Ganda Linaloambiwa Lisahau

Kuna wapiga shabaha Marekani ambao hawatupi ganda la risasi. Wanaliokota, wanalisafisha, wanalijaza baruti, wanaliwekea risasi mpya na kulipiga tena. Shida ni kwamba ganda likifyatuliwa linapanuka, na likirudishwa umbo lake linabanwa. Panuka, banwa, panuka, banwa. Shaba ya manjano, ambayo kwa maganda ni karibu asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, haivumilii mchezo huo milele. Inakuwa ngumu, halafu inapasuka shingoni.

Dawa yake ni joto. Siku hizi wengine wanajiundia mtambo wao nyumbani: bomba jembamba la shaba nyekundu lililokunjwa mizunguko kadhaa, kapasita, transista, na kifaa cha kuhesabu sekunde na kukata stima. Ndani ya hiyo koili hakuna moto wowote. Stima inageuza mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, nguvu ya sumaku inageuka nayo, na ganda likiingizwa pale katikati, mikondo ya umeme inazaliwa ndani ya shaba yenyewe na kuipasha. Faraday alionyesha msingi wa jambo hili 1831. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, lakini hii sikuiacha huko. Sekunde chache tu, shingo inapita nyuzi 400, chembe zilizokuwa zimebanana zinajipanga upya, na shingo inalainika kana kwamba haijawahi kuona bunduki.

Yaani imesahau. Sasa, kusahau huko ni kuzuri?

Hebu tusikimbilie kusema hapana. Jeshi la Waingereza kule India liliwahi kushangazwa na risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua: maganda yalikuwa yanapasuka bila kufyatuliwa na mtu. Maelezo kamili yalichapishwa 1921. Shaba ilikuwa imebaki na mkazo ndani yake tangu ilipovutwa kiwandani, na mkazo huo ulipokutana na unyevu na amonia ya mkojo wa farasi, basi. Kupasha joto kuliondoa mkazo. Ukoo wowote una mjomba wa aina hiyo. Shamba liligawanywa zamani, yeye amenyamaza miaka yote, mpaka siku ya matanga mtu anataja mpaka tu na mji mzima unapasuka. Kwa hivyo siwezi kuimba sifa za kinyongo. Nimeona kazi yake.

Lakini fundi wa maganda anajua mambo mawili ambayo wahubiri wetu wa maridhiano hawayataji. La kwanza, kitako hakipashwi. Kitako ndicho kinachobeba presha baruti inapolipuka. Kikilainika, ganda linaweza kuachia na gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni. Ndiyo maana ganda linapangwa ili joto lishike shingo peke yake, na ndiyo maana sekunde zinahesabiwa.

La pili linaniuma zaidi. Ganda halilainishwi kwa sababu limehurumiwa. Linalainishwa ili lipigwe tena.

Fikiria lugha yetu baada ya kila uchaguzi. Kubali yaishe. Tusonge mbele. Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi rais ripoti yake kuhusu dhuluma za tangu 1963 hadi 2008, miaka ikapita, sehemu kubwa ya mapendekezo ikabaki kwenye karatasi. Wakati huo wote tuliombewa mioyo laini. Na anayetuomba tulainike mara nyingi ndiye atakayetuhitaji raundi ijayo, tukiwa tumerudi umbo, tayari kujazwa.

Najua, mfano una kasoro. Shaba haiulizwi, sisi tunaweza kukataa. Mimi naweza kumsamehe jirani aliyetutenga 2008, tukaazimana jembe, watoto wake wakala kwetu. Hiyo ni shingo, na inafaa iwe laini, la sivyo hatuishi. Swali la nani alitoa amri ni kitako. Mtu akiniambia nisahau, nataka kujua anapasha wapi.

Na hata kwa ganda lenyewe mambo yako hivyo. Mtaalamu wa silaha akitaka kujua risasi ilitoka bunduki gani, anaangalia sana kitako: alama ya pini iliyogonga, mikwaruzo ya kucha iliyovuta ganda nje. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, watu waliokota maganda kwenye barabara za Nairobi wakayaweka kiganjani na kuyapiga picha. Hakuna aliyetaka kuyajaza tena. Walitaka kujua yametoka bunduki ya nani.