Tini za Hezekia

Neno: 2 Wafalme 20:1–7



Hezekia aliugua akakaribia kufa. Akaomba kwa machozi. Mungu akajibu kwamba amesikia, akamwongezea miaka 15. Lakini angalia: baada ya jibu hilo, Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Je, nabii alikosa imani? Hapana! Aliyeahidi uzima ndiye aliyetumia tini.

Nasema hivi kwa sababu mama mmoja wetu aliniuliza: "Pastor, tumefunga, tumeombea mume wangu hii kansa ya mapafu. Akirudi Eldoret kwa mionzi, si ni kuonyesha hatukuamini?"

Mama, mwache arudi. Maombi hayafuti dawa.

Wengine husema mionzi ni "kuchomwa", wanaogopa. Hakuna moto pale. Mgonjwa hulala kwa mashine dakika chache, wala hasikii uchungu. Mionzi huharibu chembe za kansa zisizaane. Chembe nzuri nazo huguswa, ila hizo hujirekebisha. Ndiyo maana hutolewa kidogo kidogo, mara nyingi Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa wiki kama 6 daktari akilenga kuponya. Ukikatiza katikati, kansa inapata nafasi. Mnaijua mathenge: ukiikata ukaacha shina, inachipuka tena.

Atachoka, na kumeza kunaweza kuuma kwa muda. Lakini akitoka kwa ile mashine habaki na mionzi mwilini, kwa hivyo mkumbatieni. Hata pale ugonjwa umeenea, mionzi michache hupunguza maumivu na kukohoa damu. Hiyo pia ni rehema.

Na wewe unayekohoa zaidi ya wiki 2, usikae nyumbani. Kapimwe TB. Ukimaliza dawa na kikohozi bado kipo, mwambie daktari aangalie zaidi.

Sasa kanisa, Kainuk, Kapenguria, Kitale mpaka Eldoret si safari ya mtu mgonjwa peke yake. Katika Marko 2, mwenye kupooza alibebwa na watu wanne, na Yesu akaiona imani yao. Jumapili hii sadaka ya pili ni nauli na chakula cha mzee wetu. Vijana, nani atachunga mbuzi zake? Nani atakaa naye huko? Tusimwombee hapa madhabahuni halafu tumwache stejini.

Mungu awape mabega ya kubeba. Amina.