Kazi tatu, mtu mmoja

Vijana wenzangu, hili swali nalisikia sana: mtu akibadilisha kazi, ina maana hakuujua wito wake? Mtazameni John Rock, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1825 katika mji mdogo wa Salem, New Jersey. Alianza na ualimu. Akataka udaktari, chuo kikamkataa kwa rangi yake. Akasomea meno, halafu udaktari nao akaupata. Huko Boston akawatibu watumwa waliotoroka. Afya ikaharibika, akaacha tiba, akageukia sheria.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tunachochagua ni njia, kwa ajili ya lengo. Basi njia ikifungwa, lengo halijafa. Rock alifungiwa mara mbili, kwanza na dhuluma, halafu na ugonjwa. Na jamani, hivyo viwili sio sawa hata kidogo. Tusiibatize dhuluma jina la mapenzi ya Mungu. Ila watu aliowatumikia ni walewale.

Februari 1865 alikubaliwa kuwa wakili mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ileile iliyotamka mwaka 1857 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Mwaka uliofuata kifua kikuu kilimuua. Alikuwa na miaka 41.