Je, Sikio Peke Yake Latosha?



Siku hizi vijana wengi hutembea na visikilizio. Ndivyo vile vyombo viwili vinavyovaliwa masikioni, vinavyoleta muziki kwa mtu mmoja tu, hata jirani yake asisikie kitu. Wako wanaovitumia kusikia nyimbo za Misa, na kati yao wengine husema: «Nikiisikia Misa nzuri namna hii, bila mtu kukohoa wala mtoto kulia, niende kanisani kutafuta nini? Kule ngoma imepasuka, na mama wazee wanaimba bila kufuatana.» Tusiwacheke, wala tusiwagombeze upesi. Swali lao ni la kweli, nalo lataka jibu la kweli. Basi tuulize: mtu aliyesikia vizuri kabisa, je, amekwisha kusikiliza?

Kwanza tuuangalie uzuri wa chombo, maana akili ya binadamu ni zawadi ya Mungu. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza chombo kilichoweza kushika sauti ya mtu na kuirudisha. Mwaka 1982 ilianza kuuzwa santuri ndogo inayong'aa, isomwayo kwa mwanga. Ndani yake sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na vipimo vyote vimeandikwa kwa tarakimu. Mwaka 1999 kampuni za Sony na Philips zilileta santuri nyingine, inayopima kwa namna nyingine, zaidi ya mara 2,800,000 kwa sekunde. Mwenye kuisikia kwa visikilizio vizuri aweza kumsikia hata mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba. Hilo ni jambo la kustaajabisha, na si dhambi kulifurahia.

Lakini sikio lina mpaka wake. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Sikio zima la kijana hushika mitikisiko tangu kama 20 hata kama 20,000 kwa sekunde, na mtu akizeeka sauti nyembamba humpotea kwanza. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walitoa habari za jaribio lao. Waliwasikilizisha watu sauti ya santuri zile bora, kisha sauti ile ile iliyopunguzwa mpaka kipimo cha santuri ya kawaida, bila kuwaambia ipi ni ipi. Katika majaribio 554, watu walijibu sawasawa mara 276. Hiyo ni kama nusu, sawa na mtu anayebahatisha tu. Mtungi ukiisha kujaa, hata ukiurudisha mtoni hauongezi maji. Vivyo hivyo, santuri yaweza kuboreshwa tena na tena, lakini sikio halina mahali pa kuweka nyongeza ile. Kinachobaki kuboreshwa ni msikilizaji mwenyewe.

Lugha yetu yalijua jambo hili tangu zamani. Twasema mtu «anasikia Kiswahili», maana yake anakifahamu. Wazee wanaposema, «Asiyesikia la mkuu huvunjika guu», hawasemi juu ya kiziwi. Wanasema juu ya mtu mwenye masikio mazima ambaye hataki kutii. Na watu wakaao kwa amani twasema «wanasikilizana», neno lisiloweza kusemwa juu ya mtu aliye peke yake. Basi kuna daraja tatu: kupokea sauti, kufahamu, na kuitikia kwa matendo pamoja na wenzetu. Visikilizio hutusaidia sana katika daraja ya kwanza. Daraja mbili nyingine havituchukulii. Lazima tuzipande kwa miguu yetu.

Mkumbukeni kijana Samweli, aliyelala hekaluni usiku. Aliitwa kwa jina lake, na sauti aliisikia vema, maana aliamka mara moja na kukimbia. Lakini hakujua ni nani anayemwita. Mara tatu alikwenda kwa mzee Eli. Eli macho yake yalikuwa yamefifia, na sauti ile hakuisikia yeye. Hata hivyo ndiye aliyemfundisha kijana namna ya kujibu. Sikio zuri lilikuwa la Samweli, ufahamu ulikuwa wa mzee. Angalieni basi: hata Mungu aliposema na mtu mmoja usiku wa kimya, alitaka mtu huyo asaidiwe na mwenzake. Na yule mama mzee anayeimba bila kufuatana, huenda ndiye Eli wako.

Tunao mfano mwingine katika nchi yetu wenyewe. Huko Kamina, Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya ya wavulana na walimu wa shule. Waliimba maneno ya Kilatini ya Misa kwa namna ya nyimbo za kienyeji, na ngoma za kwetu. Sehemu kubwa haikuandikwa kwanza kwa noti. Mmoja alianzisha, wenzake wakaitika, na wimbo ukazaliwa katika kusikilizana kwao. Misa hiyo, iitwayo Missa Luba, iliimbwa Kamina mwaka 1958, na mwaka huo huo ikatiwa katika santuri ya Philips. Kwa santuri hiyo watu wa nchi za mbali wasioijua Kamina waliisikia sauti ya Wakristu wa Kongo. Tuishukuru santuri. Lakini wimbo haukuzaliwa ndani yake. Ulizaliwa kwa watu waliosimama pamoja, kila mmoja akimngojea mwenzake. Santuri yashika mwito, yashika na kiitikio. Wewe unayeisikia peke yako, hakuna anayekingojea uitike.

Mwaka ule ule wa 1958, mwezi wa Septemba, Roma ilitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu. Yalikataza santuri na redio kushika mahali pa waimbaji katika ibada. Bali nje ya ibada yaliruhusu vyombo hivyo vitumiwe kuwafundisha waamini dini na nyimbo. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ukafundisha kwamba waamini wote wanapaswa kushiriki liturujia kwa akili na kwa matendo. Mawazo haya mawili yapatana. Jifunze wimbo kwa santuri, kisha uulete kwa ndugu zako. Misa si sauti tu. Ni sadaka na karamu, na hakuna anayeshiba kwa kusikia wenzake wakila.

Labda mmoja atauliza: «Je, kujitenga ili nisikilize ni kosa?» Hapana. Yezu mwenyewe alimtoa kiziwi katikati ya watu, akamponya kando. Kimya ni chema, na visikilizio vyaweza kutupa kimya kidogo penye kelele. Vitumieni kwa kiasi tu, wala msiongeze sauti mno, kwa sababu sehemu za ndani za sikio zikifa hazioti tena. Lakini mtazameni kiziwi yule mpaka mwisho: masikio yake yalifunguliwa, na mara ulimi wake ukafunguka, akasema vizuri. Yezu hakufungua masikio na kuuacha ulimi umefungwa.

Ninyi wenyewe mnaingoja neema hiyo. Katika ibada za kuwatayarisha wabatizwa kuna tendo liitwalo Effeta, yaani «Funguka». Padri hugusa masikio, kisha hugusa midomo. Masikio hufunguliwa yapokee Neno. Midomo hufunguliwa ilikiri Neno lile mbele ya watu. Mkristu wa masikio tu ni Mkristu nusu.

Basi Jumapili hii, mwenye visikilizio avivue mlangoni pa kanisa. Asimame karibu na yule aimbaye vibaya kuliko wote, amsikilize, na aitikie pamoja naye. Ngoma iliyopasuka ni yetu. Tukutane kuishona.